Mbwa wa Sura ya Pili

Tumbo la binadamu halina adabu, na la Besi ndilo lililokosa malezi kabisa. Lilikuwa likivizia. Lilimwacha mwenyewe akae kitini, avute pumzi, taa nyekundu iwake, asome ukurasa mzima kwa ile sauti nzito iliyompa jina lake, afike mahali mama anamuaga mwanawe na hata nzi hathubutu kupita. Hapo ndipo nalo lilipoona zamu yake ya kusema imefika.

Na lilisema kwa kirefu. Lilianza chini kwa chini, likapanda, likasita kidogo kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, kisha likamalizia kwa mlio wa maji yanayoishia kwenye tundu la sinki.

"Baba," sauti ya fundi ikaingia kwenye hedifoni. "Tena."

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia. Turudie pale pa 'Mwanangu, usilie.'"

Fundi mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, umri wa kuwa mtoto wake wa mwisho, na pale kazini walimwita Masikio kwa sababu hakuna kilichompita. Ukiingia na shati lililotiwa wanga alikurudisha ukabadilishe, maana alilisikia likikwaruza. Alisikia saa ya mkononi. Alisikia sarafu mfukoni, alisikia meno ya bandia. Tumbo la Besi hata asiye na masikio angelisikia.

Studio yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba ya wasioona. Kuta zilivishwa magodoro ya zamani na trei za mayai, mlango umetundikwa blanketi zito, dirisha halipo. Besi alikuwa mtangazaji wa redio hadi alipostaafu, na sasa kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti ili virekodiwe, wasioona waviazime na kuvisikiliza nyumbani kwao. Kazi tamu, na alikuwa akiipenda kupita maelezo. Tatizo ni kwamba jirani na maktaba palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Asubuhi yote mafundi wale waligonga na kukereza hadi meno yakakufa ganzi. Mchana ndipo walipopakia mageti yao kwenye gari na kwenda kuyafunga kwa wateja. Kwa hiyo kurekodi ni mchana tu. Na kabla ya mchana huo kuna chakula cha mchana, na chakula cha mchana cha Besi kilikuwa maharage.

Msicheke. Ingekuwa muungurumo peke yake, afadhali. Lakini gesi ikishachoka kuunguruma inatafuta mlango, na chumba kile, nimeshasema, hakikuwa na dirisha. Besi alikuwa mtu wa heshima zake. Alijizuia. Na mtu aliyejizuia hasomi vizuri. Sauti inapanda, sentensi zinakatika katikati, na jasho linamtoka kwenye habari ya harusi utadhani anasoma ya vita.

Alijaribu kila ujanja. Alijaribu kushinda na njaa, tumbo tupu likalia kuliko lililoshiba. Alijaribu kukumbatia mto. Masikio akamwambia, "Baba, huo mto unapumua." Basi wakawa wanarudia, na binti wa watu akawa anabaki jioni kukata milio ile mmoja mmoja kwenye kompyuta yake, bila kunung'unika, maana alimpenda mzee wake.

Nawe utauliza, kwani hakuna chakula kingine duniani? Kipo. Ila maharage yale yalikuwa na historia.

Mke wa Besi alipoteza macho ukubwani, pole pole, mwisho hakuona hata mkono wake mwenyewe. Alikuwa mpishi wa kusifiwa, na ghafla jiko likawa adui. Aliungua kiganja. Alijikata. Siku alipomwaga sufuria nzima ya mchuzi sakafuni alikaa chini papo hapo, akalia, akasema harudi tena humo. Na kweli hakurudi kwa muda mrefu. Walikula vya majirani, na vile alivyopika Besi mwenyewe, ambavyo tuviache hivyo hivyo.

Kisha jioni moja Besi alirudi akakuta harufu ya vitunguu mlangoni. Mkewe amesimama jikoni, kitambaa kichwani, sikio ameliinamishia sufuria. Alikuwa amepika maharage. Maharage hayana haraka, yanamngoja mtu. Aliyachambua kwa vidole akitoa vijiwe, akajua maji yanapungua kwa kusikiliza yanavyochemka, akajua yameiva kwa kubonyeza punje moja kwa vidole viwili. Besi alikula sahani, akaongeza, akaongeza tena, akasema, "Mke wangu, tangu nizaliwe sijala chakula kama hiki." Chumvi ilizidi kidogo, lakini hilo nalo hakulisema. Alichoona yeye ni mkewe amesimama tena wima ndani ya jiko lake.

Tangu siku ile, chakula chake cha kazini ni maharage. Kila asubuhi mkewe alimkabidhi chombo mlangoni, kimefungwa kwa kitambaa, bado cha moto. "Ukale ushibe, mzee." Na jioni swali la kwanza lilikuwa, "Ulikula?" Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kuwa maharage yake yanakufukuzisha kazi? Besi alijaribu kulisema neno hilo mara nyingi, likawa linamkwama kooni, analimeza, na lenyewe huko chini likageuka gesi.

Siku ile ya 'Mwanangu, usilie', walipomaliza kwa taabu, mkuu wa maktaba alimwita ofisini. Alikuwa mama mwenye haraka, asiyejua kuzunguka mbuyu.

"Mzee wangu, kaa. Kuna msikilizaji amepiga simu. Amekipenda sana kitabu cha mwezi uliopita. Ila anauliza, yule mbwa wa sura ya pili ni wa nani?"

"Mbwa gani? Hakuna mbwa kwenye kile kitabu."

"Ndiyo nilivyomjibu. Akasema yupo, ananguruma wakati wakili anasoma wosia. Nimekwenda kusikiliza mwenyewe." Alimtazama Besi, akakitazama kitambi cha Besi, akayarudisha macho juu kwa heshima. "Masikio anakata mingi, lakini ile ya chini, inayopita pamoja na maneno, haikatiki. Nimekuja kuambiwa anabaki hapa hadi jioni kwa ajili hiyo. Sasa tunaanza kile kitabu kikubwa, cha wachimba visima. Nataka kukupa wewe. Lakini tutarekodi sura ya kwanza kwa majaribio. Ikitoka safi, chako. Isipotoka safi nitampa yule kijana wa matangazo."

Besi alihisi moyo umemshuka hadi kwenye soksi, maana studio watu huvua viatu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mkewe. Namaanisha alikuwa akikisoma macho yalipokwisha. Alifika mahali kisima kinaporomoka na kaka mkubwa yuko ndani, chini kabisa, na mdogo wake amelala kifudifudi ukingoni anamwita. Hapo mwanga ukaisha. Hadi leo hajui kama kaka alitoka. Besi alishamwambia mara chungu nzima, "Lete nikusomee," naye akakataa. "Wewe nyumbani unasinzia, mzee. Na ukisinzia unanirukia kurasa. Nasubiri ukisome studio, kama watu." Halafu huyo kijana wa matangazo, mkewe alikuwa hampendi hata kidogo. "Akisoma msiba," alisema, "utadhani anakuuzia sabuni."

Basi fikiria. Kaka wa watu amenasa kisimani, na anayekuja kukuambia kama alipona au alikufa ni muuza sabuni! Besi alitoka ofisini akiwa ameapa. Liwalo na liwe, kitabu kile atakisoma yeye.

Alikwenda moja kwa moja duka la dawa. Foleni ilikuwa ndefu, na sauti yake, jamani, haikuumbwa kwa ajili ya kunong'ona. Ilipofika zamu yake aliinama hadi pua ikagusa kaunta.

"Mama, nina rafiki yangu," alinong'ona, na foleni nzima ikanyamaza kusikiliza habari za rafiki. "Ana gesi. Akila maharage."

Muuza dawa, mwanamama mwenye miwani na subira, hakucheka. Alimuuliza rafiki ana maumivu makali, rafiki amepungua mwili, rafiki anaona damu chooni. Rafiki hana hata kimoja, Besi akasema, ni upepo tu. Mama akateremsha pakiti ndogo. "Hivi ni vimeng'enya. Ndivyo vinavyosaga chakula tumboni. Hivi ni vya maharage, kabichi na jamii hiyo. Sasa namna ya kutumia, rafiki yako akianza—"

"Nimeelewa, nimeelewa," Besi akasema, maana nyuma yake mtu alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Alilipa, akanyakua pakiti, akatoka mbio mbio.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa kawaida asingelifanya. Msomaji wa studio ana mila zake. Pembeni ya mlango wao palikuwa na kimeza kidogo, na juu yake chupa ya maji ya uvuguvugu. Kila kitu cha kumsaidia msomaji humezwa pale, dakika ile ile ya kuingia: maji ya kulainisha koo, asali ya mkwaruzo, peremende ya pumzi. Ndivyo alivyofundishwa ujanani, ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na hajawahi kumuuliza mtu. Kwa hiyo alikula maharage yake uani kama kawaida, akapumzika, akazungumza na mlinzi, akavua viatu na saa, na alipokwisha kushika kitasa ndipo alipokitupa kidonge mdomoni, akasukumia maji, akaingia kifua mbele.

Sura ya kwanza ilianza vizuri. Baba wa familia anapita shambani na kijiti mkononi akitafuta maji ardhini. "Alisimama," Besi akasoma. "Akatega sikio. Chini kabisa, chini ya mwamba, alisikia..."

Na tumbo likajibu. Likajibu kwa kirefu, kwa maji na mapovu yake yote.

Masikio kule upande wa pili wa kioo aliinamisha kichwa mezani, mabega yakawa yanacheza. Alijaribu, mtoto wa watu, lakini alishindwa. "Nisamehe, baba," alisema alipopata pumzi. "Lakini hapo ungedhani imeandikwa."

Walirudia. Likarudia. Besi akatoka, akameza kidonge cha pili pale mlangoni, akarudi ndani, hali ikawa ile ile. Jioni mkuu wa maktaba alisikiliza, akavua hedifoni, akashusha pumzi. "Kesho, mzee wangu. Kesho ndiyo mwisho. Kijana nimeshamwambia akae tayari."

Hasira zilimpanda Besi. Alirudi duka la dawa, na safari hii hakunong'ona.

"Mama, dawa yako haina kazi!" Chupa zikatetemeka kwenye rafu. "Nimemeza leo mara mbili! Mimi! Si rafiki!"

Foleni yote ikageuka. Muuza dawa akasogeza miwani. "Pole, mzee wangu. Umemeza saa ngapi?"

"Mlangoni, nikiingia studio. Na maji ya uvuguvugu, kama kila kitu."

"Na maharage ulikula saa ngapi?"

"Ah, zamani. Nilikuwa nimeshakula, nimeshapumzika, nimeshamsikiliza mlinzi na matatizo yake ya nyumba."

Yule mama akaiweka kalamu chini. "Sasa mzee, maharage yameshaondoka na basi, wewe ndiyo kwanza unafika stendi na mizigo. Juzi nilitaka kukueleza ukanikimbia. Sikiliza. Maharage yana sukari fulani ambayo matumbo yetu hayajui kuivunja. Inashuka nzima nzima hadi utumbo mpana, na huko kuna vijidudu vinaingoja kwa hamu. Vinakula, vinafanya sherehe, na hiyo sherehe ndiyo gesi. Kimeng'enya hiki kinaivunja ile sukari mapema, kabla haijafika kwenye sherehe. Lakini lazima kikutane na chakula. Unakimeza na tonge la kwanza. Hakikutibu wewe, mzee. Kinatibu maharage."

"Kinatibu maharage," Besi akarudia taratibu.

"Na hakimfai kila mtu sawasawa, na kelele zote hakimalizi. Kinapunguza. Ukianza kuumwa kweli kweli, uende kwa daktari, usije kwangu."

"Na kabichi je?" akauliza bibi mmoja kutoka katikati ya foleni.

"Kabichi pia."

"Na dengu?" akauliza yule yule mwanamume aliyekohoa juzi, safari hii bila kukohoa. Kumbe foleni nzima ina matumbo! Besi aliwaacha wakigombea zamu, akarudi nyumbani mwepesi. Mkewe alipomuuliza, "Ulikula?" alijibu, "Nilikula," na ilikuwa kweli, lakini usingizi alioupata ulikuwa wa mang'amung'amu.

Kesho yake alikaa uani kwenye benchi lake, akafungua kitambaa, akafungua chombo. Mvuke ukampiga usoni. Akachota tonge la kwanza, na kabla hajalimeza akakiweka kidonge, vikaenda pamoja. Akala yote, taratibu, akakwangua hadi chini. Mlangoni hakumeza chochote ila maji. Alipokaa kitini akatazama tumbo lake, akaliambia kimoyomoyo: leo usiniangushe.

Taa ikawaka. Baba wa familia akapita tena shambani na kijiti chake, akasimama, akatega sikio. "Chini kabisa, chini ya mwamba, alisikia..."

Besi akangoja. Kimya. Kimya kizuri, kizima, hata uliweza kusikia mwenyewe maji yale ya kwenye kitabu yakipita. Upande wa pili wa kioo Masikio alifumba macho. Besi akaendelea. Mara moja kulikuwa na kelele ndogo, kama mtu aliyegeuka usingizini, ikaja katikati ya aya mbili, ikapita zake. Walimaliza sura ya kwanza bila kusimama, wakaingia ya pili kwa raha tu, na Besi alisoma siku ile kama hajawahi kusoma, tumbo limelegea, pumzi inatoka chini kabisa inakotakiwa kutoka.

Mkuu wa maktaba alisikiliza amesimama, akasahau haraka zake, akakaa. "Chako," alisema. "Kijana nitampa kitabu cha mapishi."

Masikio akamtilia sura zote mbili kwenye flashi. "Mpelekee mama asikie kabla ya watu wote," alisema. "Na leo, baba, nakwenda nyumbani mapema."

Besi hakutembea kurudi kwake, alielea. Mkewe alipopata habari alipiga kigelegele kimoja kilichowatoa majirani, kisha akasema leo ni leo, lazima washerehekee. Akaingia jikoni. Akapika nini? Akapika maharage, sufuria kubwa, na vitunguu vya kukaanga juu. Besi alikula kwa furaha zake zote hata hakukumbuka pakiti iliyokuwa kwenye mfuko wa koti nyuma ya mlango. Ya nini? Kazi imekwisha, yuko kwake.

Waliondoa vyombo. Mkewe akakaa kwenye kiti chake karibu na kile kiredio kidogo cha kuchomeka flashi, akakunja mikono mapajani, akainamisha sikio. Besi akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikajaza sebule, na yeye akakaa pembeni anamtazama mkewe, akisubiri kuona uso ule ukifurahi.

Uso haukufurahi. Mwanzo ulitulia. Kisha paji likakunjana. Kisha mkewe akasogea karibu zaidi na kiredio, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Sura ya kwanza haijafika hata nusu akanyoosha mkono, akazima.

"Vipi?" Besi akauliza. "Nimesoma vibaya?"

"Umesoma vizuri sana." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo chakula changu ulimpa nani?"

"Nani? Sikumpa mtu! Nimekula mwenyewe."

"Mzee, usinidanganye. Ulimpa mlinzi? Au ulikimwaga?"

"Mke wangu, nimekula hadi nimekwangua! Nani kakuambia sikula?"

"Tumbo lako," alisema. "Halimo."

Besi akakitazama kitambi chake.

"Unafikiri mimi nasikiliza nini humu kila siku?" mkewe akaendelea, na machozi sasa yalikuwa yamesimama kwenye macho yale yasiyoona. "Kila kitabu chako. Wanakata, wanakata, lakini chini ya maneno limebaki, nalisikia. Nikipika, watu wote wananiambia kitamu, kitamu. Wewe pia. Watamwambia nini kipofu? Sioni nyuso zao, sijui nani anakunja pua, nani anakimwaga nyuma ya nyumba. Nikakaa nikasema basi, sitajua tena. Halafu ukaniletea kile kitabu cha kwanza, nikalisikia. Nikasema, huyo hapo. Amekula. Mdomo utanionea huruma, lakini tumbo halimwonei mtu huruma." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Yule rafiki yangu wa chama chetu cha wasioona aliniuliza mbwa wa sura ya pili ni wa nani. Nikamwambia mimi mbwa huyo simjui. Nilicheka peke yangu siku nzima. Sasa leo hayupo. Umechoka na maharage yangu, niambie tu."

Loh! Mtu unaweza kuishi na mtu maisha yako yote, mkalala kitanda kimoja, na usijue anakusikiliza wapi. Besi alisimama, akaenda nyuma ya mlango, akaitoa pakiti mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha mkewe, kile chenye kovu la kuungua, akavifunga vidole vyake juu yake. Kisha akamweleza yote. Mama na mwanawe wa "usilie", mto uliopumua, muuza sabuni aliyekuwa anakinyemelea kitabu chake, foleni, rafiki mwenye gesi, kidonge cha mlangoni, basi lililoondoka. Alipofika pale pa "hakikutibu wewe, kinatibu maharage," mabega ya mkewe yalianza kucheza. Alipofika kwa mwanamume wa dengu, mkewe alikuwa ameshika mbavu.

"Kwa hiyo muda wote huu," alisema akihema, "maharage yangu yanakupiga ngumi, na wewe umenyamaza?"

"Ningesemaje? Kila nikifungua mdomo nakuona umesimama pale jikoni, siku ile ya kwanza."

Mkewe aliacha kucheka. Alimtafuta kwa mkono, akampata shavuni, akampiga kikofi kidogo cha upole. "Mjinga wewe. Ungeniambia. Na chumvi ya siku ile ilizidi, nilijua."

"Ilizidi kidogo."

"Ilizidi sana." Akaipapasa pakiti, akavisikia vidonge ndani ya vikaratasi vyake, akavihesabu kwa kidole gumba kimoja kimoja, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. "Vidonge hivi sasa ni mali ya jikoni. Nitakufungia kimoja juu ya kifuniko, na ole wako ukimeze mlangoni."

"Sawa, mama."

"Rudisha mwanzo. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta tumbo. Sasa nisikilize kitabu."

Besi akarudisha mwanzo, akavuta kiti chake kikagusana na cha mkewe. Baba wa familia akapita shambani kwa mara nyingine, akasimama, akatega sikio. Chini kabisa, chini ya mwamba, kiredio kikanyamaza safi kama kilivyorekodiwa.

Na pale pale, sebuleni, chini ya shati la Besi, maharage ya jioni yaliyokosa kidonge yakaunguruma. Yakaanza chini kwa chini, yakapanda, yakasita, yakamalizia kwenye tundu la sinki.

Mkewe akaweka kiganja juu ya tumbo lile, akakiacha hapo.

"Haya," alisema. "Sasa tuendelee."